Wagonjwa wa saratani mbili wasiachwe wawe matarishi

Mhariri,

Dada yangu alipopigwa picha kuona kama saratani ya titi imesambaa, ulionekana uvimbe kwenye figo. Tulidhani ndiyo imeshaenea. Kinyama kilipokatwa na kupimwa maabara, ikabainika ni saratani nyingine kabisa, iliyoanza yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa mno, kwani saratani mbili zikigunduliwa mapema, zote huweza kutibika.

Kilichotutesa ni itibiwe ipi kwanza. Daktari wa figo alitaka upasuaji, wa titi akataka dawa, nasi tukawa matarishi wa kubeba mafaili baina yao. Hilo halifai hata kidogo! Kwa kawaida hutangulizwa ile inayotishia maisha haraka zaidi. Uvimbe mdogo wa figo mara nyingi huweza kusubiri huku ukifuatiliwa kwa picha. Lakini hayo yaamuliwe na mpasuaji, mtaalamu wa dawa, wa mionzi na wa maabara wakiwa meza moja, na mgonjwa aulizwe anachokiogopa. Dada yangu ni mshonaji. Aliogopa dawa zitakazomtia ganzi vidoleni, na hakuna aliyelijua hilo mpaka alipolisema mwenyewe.

Ndugu wa mgonjwa