Kaka, hata ziwa letu lina mlango?

Kaka mwakeye,

Voisi yako nimeisikiliza leo asubuhi kwenye basi natoka shifti ya usiku, nimecheka mwenyewe mpaka bibi mmoja akahama siti. Eti Uingereza ina manowari na hela zote zile inashindwaje kuzuia viboti vya mpira vinavyoleta wahamiaji kutoka Ufaransa? Wewe mtu wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ndo unaniuliza hivyo?

Kutoka huku upande wa Dover mpaka Ufaransa, panapokaribiana zaidi, ni kilomita kama 33 tu, hata kwenda ng'ambo Kongo kutoka hapo ni mbali zaidi. 2022 peke yake walivuka zaidi ya 45,000. Ukikuta watu wamejazana na watoto katikati ya maji huwezi kuwasukuma warudi, watazama, inabidi uwaopoe, na wakishakanyaga nchi kavu wanaomba hifadhi, na ule mkataba wa wakimbizi wa 1951 hawa jamaa wamesaini wenyewe kwa hiyo lazima wasikilizwe. Haya, ukimkataa unampeleka wapi? Paspoti kaitupa baharini, kwao wanasema huyu hatumjui. Zamani kulikuwa na utaratibu wa Ulaya wa kurudishiana watu, walipojitoa Umoja wa Ulaya nao ukawa umeisha kwao.

Ndo ikaja ile ya kuwapeleka Rwanda hao wanaoomba hifadhi, 2022. Ndege ya kwanza ikazuiwa na mahakama ikiwa tayari kuruka, mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema mpango wenyewe ni kinyume cha sheria, 2024 serikali mpya ikaufuta ikasema hela zilizokwisha teketea ni pauni milioni 700. Waliokwenda? Wanne, tena kwa hiari yao. Piga hesabu hiyo kwa bei ya dagaa uone.

Sasa inaponiuma mimi. Wa boti hawamuwezi ila aliyekuja kwa viza kama mimi wanamuweza, maana jina langu, alama za vidole, na mahali ninapolala wanavyo. Kwa hiyo wakitaka namba za wageni zishuke wanabana huku. Machi 2024 wakasema wanaokuja kulea wazee wasilete mke wala watoto, mimi nikaja baada ya hapo, na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Na wazee wapo kaka, leo nimewageuza na kuwaogesha saba, wenyeji kazi hii wengi hawaitaki kwa mshahara huu.

Nikakumbuka ile siku tunaenda Kasulu, tumeshushwa kizuizini, wewe wakakuambia uimbe wimbo wa taifa eti Kiswahili chako kina Kirundi, na namba ya NIDA umeishika mkononi! Usiku huo huo mitumbwi mingapi ilitua bila kuulizwa na mtu? Siwalaumu sana, mkoa wetu umepokea watu toka 1972, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, mpaka wenyewe ni pori na maji, ila anayekaguliwa kila siku ni yule anayepita barabarani.

Shemeji yako nimemtumia hela ya ada jana, mpitie Mwanga umuulize kama imefika. Na mama akiuliza tena mke wangu anakuja lini, usimwambie "karibuni" kama ulivyofanya Idi. Mwambie ukweli, mimi kila nikipiga nashindwa.

Mdogo wako