Barua kwa Mwanangu: Ufaransa ya Jikoni Kwetu

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kama kawaida yake ya msimu wa mvua, na bibi yako anauliza kila siku utakuja lini. Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwenda kuisomea uani ili mama yako asinione uso. Kwamba ulikwisha kuwaaga wanafunzi wako, ukanunua na sweta, kisha pasipoti ikarudi bila viza pamoja na karatasi yenye kisanduku kimoja tu kilichotiwa alama, ni jambo linaloumiza, wala sitakuambia kuwa ni dogo.

Lakini kuna sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite. Umeandika kwamba mwalimu wa Kifaransa asiyefika Ufaransa ni sawasawa na mpishi aliyejifunza kupika kwa kusoma. Mama, mpishi huyo ndiye mimi. Kwa miaka 26 nilipika vyakula vya Kifaransa katika majiko ya hoteli, kwanza Unguja na kisha hapa Tanga, na nchi yenyewe sikupata kuiona. Wageni wa Kifaransa waliorudisha sahani tupu jikoni kwangu hawakuwahi kuniuliza pasipoti yangu ina mihuri mingapi. Kwa kuwa zile wiki mbili ulizoziombea likizo bado ni zako, panda basi uje, nami nimekwisha kupanga tutakavyozitumia.

Lete nakala yako ya Le Petit Prince. Mimi ninayo tafsiri yake, Mwana Mdogo wa Mfalme, iliyochapwa Dar es Salaam, ambayo jalada lake limeliwa na mende pembeni. Tutavisoma sambamba kila baada ya magharibi, wewe kwa Kifaransa na mimi kwa Kiswahili, sura moja au mbili, bila haraka. Unajua kwamba mtunzi wake, Antoine de Saint-Exupéry, alikuwa rubani wa ndege za barua kati ya Toulouse na Dakar, na kwamba mwaka 1935 ndege yake ilianguka katika jangwa la Libya, akaponea chupuchupu kufa kwa kiu. Jambo ambalo huenda hukulitilia maanani ni kwamba kitabu hicho alikiandika akiwa Marekani, wakati nchi yake imekaliwa na Wajerumani, na kilitoka kwanza New York mwaka 1943. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai, aliruka na ndege kutoka kisiwa cha Corsica na hakurudi tena. Kitabu ambacho dunia nzima inakihesabu kuwa ni cha Kifaransa hasa kiliandikwa na mtu ambaye, kama wewe wiki hii, Ufaransa alikuwa akiiwazia kwa mbali.

Halafu kuna mibuyu. Humo kitabuni mibuyu ni balaa tupu: yule mwana mdogo wa mfalme lazima aing'oe ingali michipukizi, maana ikiachwa ikakua itaipasua sayari yake ndogo. Ulipokuwa na miaka tisa nilikusimulia kisa hicho kibarazani, nawe ulikuwa na ubuyu mwekundu mdomoni, meno na vidole vyote vimeingia rangi, ukaniuliza kwa nini mtoto huyo hakuungoja mbuyu uzae kwanza. Niliwahi kuwasimulia swali lako wageni fulani kutoka Lyon, wakacheka, kisha mmoja wao akanyamaza na kusema kwamba amekisoma kitabu hicho tangu utotoni na hakuwahi kufikiri kwamba mbuyu unazaa kitu kinacholiwa. Kwa hiyo usiniambie kwamba kusomea Kifaransa huku pwani kumekupunguzia kitu.

Neno moja la mbweha anayezungumza na mtoto huyo kitabuni, hata hivyo, limenishinda, na nataka uje na jibu. Anaposema apprivoiser, sisi tutasemaje? Kufuga ni kwa mbuzi na kuku. Kuzoeza kunakaribia, lakini kunamfanya mmoja kuwa bwana na mwingine mnyama wake. Mimi naelekea kwenye kuzoeana, ingawa nalo naona limepooza kidogo. Tafadhali usifungue tafsiri yangu kabla hujalifikiria mwenyewe.

Kwa upande wa filamu nimeomba ile ya Le Ballon rouge iwekwe kwenye kompyuta ya mdogo wako. Ni ya Albert Lamorisse, ya mwaka 1956, ina dakika 34 tu, na maneno yake ni machache mno, hivyo bibi yako na wajukuu wataifuata bila mkalimani. Yule bwana wa banda la video, anayeongea kuwapita waigizaji wenyewe, hapa angekosa kazi. Mvulana mdogo, ambaye ni mtoto wa mwongozaji mwenyewe, anafuatwa na puto jekundu katika mitaa ya Ménilmontant, huko Paris, kwenye ngazi na kuta za kijivu zilizolowa, na macho yako hayawezi kuliacha lile puto kwa jinsi lilivyo jekundu katikati ya ukijivu ule. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ilibomolewa baadaye. Hata mtu wa Paris, akitaka kuiona leo, hana budi kufanya kama sisi: kukaa nyumbani na kuitazama filamu.

Sasa chakula, ambako ndiko ninakojua ninachokisema. Usije na mawazo ya kununua vikopo na vichupa vya bei mbaya katika maduka makubwa. Ninachotaka tupike ni pot-au-feu, yaani chungu kilicho motoni, na jina lenyewe linakuonyesha kwamba si chakula cha kuogopesha. Tutatafuta nyama ya mguu wa ng'ombe yenye mfupa na uboho, tuianzishe katika maji baridi, tuengue povu mpaka mchuzi utulie, kisha tuiache kwa muda wa saa tatu, maji yakitikisika tu bila kuchemka kwa fujo. Karoti na liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, huingia baadaye ili zisivurugike. Mchuzi hunywewa kwanza peke yake. Nyama na mboga hufuata, pamoja na haradali na chumvi ya mawe.

Siri yake iko katika kitunguu. Unakimenya kizima, unaacha kitako chake ili kisifumuke, kisha unakichomeka karafuu tatu kama misumari. Vijana niliowafundisha walikuwa wakichomeka kumi kwa kudhani wanazidisha utamu, na mchuzi wote ukanuka dawa ya jino. Mikarafuu yenyewe ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vilivyokuwa chini ya Wafaransa, ambako ofisa mmoja, Pierre Poivre, alifanikisha kutoroshwa kwa miche kutoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, mwaka 1770, wakati Waholanzi waliilinda kama dhahabu. Poivre kwa Kifaransa ni pilipili manga; mtu mwenye jina hilo sijui angefanya kazi gani nyingine. Basi kila nilipokichoma kitunguu kile katika jiko la Unguja, kwa karafuu ya Pemba, sikuona kwamba ninapika chakula cha watu wa mbali.

Asubuhi tutakula pain perdu, mkate uliopotea, ambao si kitu kingine ila ule mkate wa jana ambao mama yako huuchovya katika mayai na maziwa akaukaanga; tofauti ni kwamba wao wameupa jina zuri zaidi. Crêpe nazo ni binamu wa chapati zetu za maji, ila ni nyembamba zaidi na unga lazima upumzike kwanza. Wao huzila hasa tarehe 2 Februari, na desturi ni kuigeuza kwa kuirusha huku mkono mwingine umeshika sarafu ili mwaka uwe wa neema. Mama yako amekwisha kusema kwamba hatakubali chapati kurushwa jikoni kwake.

Liki zinunue sokoni hapo Arusha kabla ya kupanda basi, nne nene zenye shina jeupe refu, uzifunge katika gazeti wala si katika mfuko wa plastiki, maana hapa Tanga kuzipata ni bahati. Jibini usinunue. Siku ya nne au ya tano tutakwenda wenyewe kuifuata katika shamba la Irente, Lushoto, na kwa kuwa tutalala huko usiku mmoja, lile sweta lako lilete.

Akupendaye,
Baba yako