Habari za Ami

London, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Barua yako nimeipata, na salamu za mama nimemfikishia Ami. Alizipokea amekaa kitako, mito mitatu mgongoni, maana kulala chali hawezi tena. Juzi walimtoboa ubavuni wakamtoa maji, lita moja na nusu, kama chai ya rangi. Akaitazama ile chupa, akasema, "Kumbe nilibeba bahari nzima."

Unauliza mesotelioma, hiyo saratani ya utando wa mapafu, imempataje mtu asiyevuta hata sigara. Ni zile meli. Miaka ya 70 alikuwa chumba cha injini, mabomba ya moto yamezungushiwa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto. Wakiyabandua kwa matengenezo, vumbi linawamwagikia kama unga wa ngano. Wanajipangusa, wanakwenda kula. Nyuzi zake hukaa kwenye utando wa mapafu miaka 20, 40, hata 50 bila kusema kitu. Uingereza imeipiga marufuku 1999, Ami ameshashuka melini zamani.

Sasa hizo dawa za majaribio ulizoniuliza. Yeye hoja yake ilikuwa moja tu: wakate, watoe uvimbe. Nami nikamuunga mkono. Daktari akatueleza habari iliyoniziba mdomo. Hapa hapa Uingereza walifanya jaribio, linaitwa MARS 2, wagonjwa 335: wote wapewe kemotherapi, zile dawa za kuua saratani, nusu waongezewe upasuaji mkubwa wa kubandua utando. Waliopasuliwa ndio waliotangulia kufariki. Nusu yao hawakuvuka miezi 19.3, kwa wasiopasuliwa ilikuwa 24.8. Ami alinyamaza kitambo, kisha akauliza chai iko wapi.

Wamemwanzishia dripu za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu. Hizi nazo majuzi tu zilikuwa za majaribio. Marekani waliziruhusu kwa ugonjwa huu 2020. Ngozi inamwasha usiku kucha, lakini pumzi imerudi kidogo.

Iliyonivutia mimi ni nyingine, pegarjiminasi. Hiyo inaunyima uvimbe chakula. Kuna uvimbe usioweza kujitengenezea arginini, kijenzi kimoja cha protini, unaidoea kwenye damu. Sindano inaivunja humo damuni, uvimbe unabaki na njaa. Waliijaribu pamoja na kemotherapi kwa watu 249 wenye zile aina kali zaidi za ugonjwa huu: nusu ya wasioipata hawakuvuka miezi 7.7, kwa walioipata ikawa 9.3. Mimi nikaona ni kidogo mno kwa makelele yote yale. Ami akapiga hesabu kwa vidole: "Wiki saba? Tanga nakwenda na kurudi." Wamechukua kinyama chake kukipima ni aina gani, majibu Alhamisi.

Ile chupa ya dawa ya shangazi usimpe mtu kuileta, tafadhali. Daktari amekataza asichanganye na dripu, na shangazi mwenyewe hataki kusema ametia nini. Mpe huyo msafiri achari ya ndimu, ile ya mama. Chakula cha hospitali anakisukuma pembeni, lakini achari aliitaja mara mbili leo.

Wako,
Zuhura