Kitabu cha mwaka 1623 kina mikono ya watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makala yenu ya Jumapili iliyopita juu ya kitabu kikubwa cha tamthilia za Shakespeare. Makala ni nzuri, na mwandishi ameonyesha kuwa amesoma. Kilichoniuma ni kitenzi kimoja tu: "kilichapwa London mwaka 1623." Kilichapwa, basi. Hapo akahamia mambo mengine, kana kwamba kurasa zaidi ya 900 zilijichapa zenyewe usiku watu wamelala.

Mimi nilipanga herufi za risasi kwa mkono kwa miaka 19, hadi kompyuta zilipoingia na makasha yetu yakauzwa kama vyuma chakavu. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma habari za mafundi wa Uingereza waliofanya kazi hii karne nne zilizopita, na nikiwasoma vidole vyangu vinakumbuka.

Kitabu kile kilitoka katika karakana ya akina Jaggard, mtaani Barbican, London. Mzee William Jaggard alikuwa kipofu tayari, akafariki mwaka huohuo kazi haijakwisha, ikamaliziwa na mwanawe Isaac. Waliosimama mbele ya makasha ya herufi walikuwa wengine, na majina yao karibu yote yamepotea. Wataalamu wamebaki kuwaita fundi A, fundi B, na kuendelea. Wamewatambua kwa tahajia, maana Kiingereza cha enzi hiyo kilikuwa hakijapata tahajia moja na kila mkono ulikuwa na mazoea yake: A alipenda "doe" na "goe", B akapenda "do" na "go". Yupo pia E, anayedhaniwa kuwa mwanagenzi. Makosa yake ni mengi, na kurasa zake zilisahihishwa kuliko za wenzake wote. Huyo ndiye ninayemwonea huruma. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliangusha ukurasa mzima uliokwisha kupangwa. Herufi zilitapakaa hadi chini ya mtambo, nikapiga magoti hadi usiku nikiziokota na kuzirudisha moja moja kwenye vyumba vyake, na hakuna aliyenisemesha.

Wasiowahi kuiona kazi hii wanadhani ni kubonyeza kitu. Fundi husimama kutwa. Mkono wa kushoto umeshika kibao chenye ukingo, wa kulia unakwenda kwenye kasha bila kuangaliwa, kwa sababu macho yako kwenye mswada. Kila herufi ni kijiti cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, na ubavuni kina mfuo mwembamba. Kidole gumba kikiupapasa mfuo huo kinajua herufi imesimama au imepinduka. Mstari unapangwa kichwa chini, na sura ya kila herufi imegeuka kama kwenye kioo. Ukiipindua n unapata u, na kosa hilo utalikuta tele katika vitabu vya zama hizo.

Tena kitabu kile hakikupangwa kuanzia ukurasa wa 1. Karatasi 3 zilikunjwa pamoja zikatoa kurasa 12, na fundi alianzia katikati, ukurasa wa 6 na wa 7, kwa kuwa hizo hukaa upande mmoja wa karatasi ya ndani. Zikafuata 5 na 8, hivyo hivyo hadi nje. Hapakuwa na herufi za kutosha kupanga kurasa zote na kuziacha zikisubiri. Basi ilibidi mtu akadirie mapema ni maneno mangapi yataingia kila ukurasa, na akikosea mzigo unamwangukia mpangaji. Maneno yakizidi, anabana mashairi yanakuwa nathari. Yakipungua, anakata mstari mmoja kuwa miwili ili pengo lizibe. Msomaji wa leo anaona mistari hiyo anadhani ndivyo mshairi alivyotaka, kumbe ni mtu aliyekuwa akihangaika na nafasi.

Kwenye mtambo walihitajika wawili. Mmoja alipaka wino wa masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa hadi yakanata, akitumia vibumba viwili vya ngozi vilivyojazwa manyoya ya kondoo. Mwenzake aliweka karatasi, iliyoloweshwa tangu jana yake, akasukuma ndani kitanda cha mtambo kilichobeba herufi, akavuta mkono wa mtambo kwa uzito wa mwili wote. Joseph Moxon, aliyeieleza kazi hii mwaka 1683, anataja karatasi 250 kwa saa. Piga hesabu: ni kama sekunde 14 kwa kila karatasi. Jioni ngozi zile zililowekwa kwenye mkojo zisikauke, asubuhi zikarudi mkononi. Moxon anasema pia kwamba mwishoni mwa Agosti bwana wa karakana aliwafanyia wafanyakazi karamu, na baada ya hapo kazi za usiku zikaanza kufanywa kwa mishumaa. Mtu aliyesoma herufi ndogo kinyumenyume kwa mwanga hafifu anajua karamu ile ilikuwa inawatayarishia nini.

Kijana alitumikia miaka isiyopungua 7 kabla ya kuwa mwanachama kamili wa chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, Stationers' Company, kilichopewa hati mwaka 1557. Mwaka 1587 chama kiliweka kanuni kwamba vitabu vingi visizidi nakala 1,250 au 1,500 kwa mpango mmoja wa herufi. Zikitakiwa zaidi, zipangwe upya. Kanuni hiyo ilikuwa mkate wa wapangaji.

Halafu kuna hatari. Mwaka 1631 neno moja, "not", lilidondoka katika amri ya uzinzi kwenye Biblia iliyochapwa London, na mabwana wa karakana wakatozwa faini ya pauni 300. Zito zaidi ni la mchapaji John Twyn. Oktoba 1663, kabla hakujapambazuka, wakaguzi wa serikali waligonga mlango wake. Alikuwa akichapa kijitabu kilichosema watu wana haki ya kumwondoa mfalme. Aliharakisha kuzivunja kurasa zilizopangwa, yaani kuzitawanya herufi zake, lakini pembe ya ukurasa mmoja ilikuwa bado imesimama, ikasomeka. Alikataa kumtaja mwandishi, na mwaka 1664 akanyongwa. Nimewahi kuvunja kurasa nyingi, na najua kwamba kipande cha namna ile hubaki wima mikono ikitetemeka.

Mmeahidi sehemu ya pili ya makala Jumapili ijayo. Namwomba mwandishi atuwekee picha ya ukurasa mmoja aliopanga E katika tamthilia za majonzi, pamoja na makosa yake, na chini ya picha aandike kuwa ni kazi ya nani.

Mpangaji herufi mstaafu