Mkia wa samaki wetu umepindwa makusudi

Nachonga samaki wa mbao wa kuwavutia samaki halisi chini ya barafu. Tangu maji ya maziwa ya hapa Minnesota yaanze kuganda nimeshapokea simu tatu za lalamiko lilelile: "Fundi, umeniuzia samaki aliyepinda." Kaka aliyepiga juzi alikuwa na hasira kweli. Alilipa dola 90, akafungua mzigo, akadhani umeumia njiani, basi akachukua koleo akanyoosha mkia na mapezi mwenyewe. Kufika kwenye kibanda chake cha uvuvi pale ziwa Leech Lake, samaki akashuka kama jiwe na kuning'inia tu. Akaona ametapeliwa.

Samaki huyu wa mbao hana ndoana hata moja. Unakaa kwenye kibanda chenye giza juu ya barafu, umekata tundu la mstatili, na mwanga wa nje unaopenya kwenye barafu unang'arisha maji chini yako. Unamshusha kwa uzi, unavuta kidogo, unalegeza. Paiki, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, akisogea kumtazama, ndipo mkuki unashuka. Kinachomvuta paiki ni ule mzunguko. Ukivuta uzi samaki anakwenda mbele, na mkia uliopindwa upande mmoja pamoja na mapezi ya bati yaliyoinamishwa ndiyo usukani wake. Ukiyanyoosha, umeng'oa usukani, na rangi iwe nzuri vipi haitamzungusha.

Yule kaka tulimalizana vizuri. Alinirudishia samaki, nikayapinda mapezi upya kwa dakika kumi, sikumtoza kitu.

Linaloniuma zaidi ni risasi, ile metali nzito tunayoyeyusha na kumimina ndani ya samaki ili azame. Tumboni tunachimba shimo lililo pana ndani kuliko mdomoni, ili risasi ikiganda ishike isichomoke. Namimina kidogo, namtia samaki kwenye beseni, natazama. Anatakiwa azame polepole, tumbo chini, mgongo sawa. Akiinamisha kichwa, natoboa upande wa mbele na kupunguza. Kuna samaki mmoja wa inchi nane alirudi beseni mara saba. Kazi hiyo yote hufanywa kabla ya rangi, na mteja haioni.

Sasa mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alitaka samaki wake azame haraka zaidi. Badala ya kunipigia, alitoboa tumbo akashindilia vyuma vya kuzamishia mshipi, akaziba kwa gundi ya dukani. Maji yakaingia. Mbao ikavimba, ikapasuka kuanzia tumboni hadi kwenye shavu, rangi ikabanduka vipande vipande. Kumtengeneza kulimgharimu dola 65. Angemleta mapema, ningemwongezea uzito bure.

Kuhusu bei, naulizwa kwa nini dola 90 wakati samaki wa plastiki ni rahisi. Natumia mwerezi mweupe, mwepesi na mgumu kuoza, na siugusi kabla haujakauka kabisa. Mjomba aliyenifundisha kushika tezo kule Wamunyu, Ukambani, hakuchonga gogo bichi kwa sababu kinyago kingepasuka kikiwa tayari kimeuzwa. Hapa Minnesota nimepata sababu ya pili. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, na ikikuta unyevu ndani ya mbao inaruka. Kovu la kiganja changu cha kushoto lilitokana na kuharakisha oda ya Krismasi. Tangu hapo sipokei oda ya "nataka kesho".

Baada ya risasi kuna msasa, kisha mbao inazibwa isinywe maji, hasa kuzunguka mapezi na tundu la uzi, kisha rangi, kisha vanishi mara tatu, na kila mpako unasubiri uliotangulia ukauke. Ukisikia nikisema oda inachukua wiki mbili, ndizo hizo.

Samaki wako akikusumbua, usimguse kwa koleo wala drili. Mtie kwenye beseni, mvute kwa uzi, nirekodie video fupi unitumie. Mara nyingi naona pezi lenye shida kwenye simu, nakuelekeza ulipinde kwa kidole gumba.