Barua kwa mwanangu Zuwena: kufunga mashine si kufungua kinyumenyume

Assalaamu alaykum mwanangu,

Sie huku wazima alhamdulillahi, mama yako mzima, bibi yako miguu ndo inamsumbua ila mdomo uko vile vile unavyoujua. Voisi yako niliisikiliza kwanza pale karakana, wenzangu wanapiga grainda sikushika hata neno, nikaja kuisikiliza vizuri usiku nshakoga. Unasema baba hiyo mashine kongwe ya boti mnatesekea nini, si aambiwe mwenye boti anunue Yanmar mpya ya Kijapani aifunge aende zake. Halafu ukaongeza, na hili ndo lilonikaa rohoni, eti kufungua mshafungua yote kwa hiyo kufunga ni kurudi mlikotoka tu, kilichotoka mwisho kiingie mwanzo. Nikasema hili la pili silijibu kwa voisi, litakuwa refu, nitaliandika uwe nalo.

La Yanmar huna makosa. Angekuwa mvuvi ana watoto wa kulisha na anataka kwenda dago, kambi ya uvuvi, wiki ijayo, mie mwenyewe ningemwambia hichi chuma kiuze kwa kilo ununue mpya. Lakini huyu mzee boti aliachiwa na baba yake, haimlishi, anaitaka irudi kama ilivyokuwa inabeba magunia baina ya Wete na Tanga, na pesa ya spea anatoa bila ya maneno. Na tena mashine yenyewe si ya kutupa. Ni Gardner 4LW, zimetengenezwa Patricroft karibu na Manchester kule Uingereza, aina hii ya LW ilianza 1931. Silinda nne, lita 5.6, pistoni upana wake inchi nne na robo na inakwenda inchi sita juu chini. Vijana wa siku hizi wakiambiwa mashine kubwa vile unaiwasha kwa mkono wanacheka, lakini kweli, unainua vile vitenzo vya kuachia kompresheni, unazungusha hendeli mpaka flaiwili, lile gurudumu zito, ishike mwendo, unaangusha kitenzo kimoja kisha chengine, inakohoa, inakamata. Betri ikifa katikati ya mkondo wa Pemba ndo utajua thamani ya kitu kama hichi.

Sasa tuje kwenye kufunga.

Kufungua mwanangu hata mtoto anaweza, ukishakuwa na spana na mafuta ya taa na subira ya kungoja kutu iregee. Unapofungua, chuma kinakuonyesha wapi kilikuwa. Unapofunga hakuna anaekuonyesha. Na tena unavyovirudisha sivyo vilivyotoka: kimoja umekipiga msasa, kimoja umekikereza upya, kimoja kimekuja kipya kutoka kwa mkereza vyuma, kimoja kimekaa kwenye hewa ya chumvi tangu kaskazi mpaka leo kimeota kutu nyengine juu ya ile ulioitoa. Kwa hiyo kila kipande lazima kijuliwe upya hali yake kabla hakijaingia, ndo maana tunachelewa, si uvivu wala si uzee.

Chukua konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni na shafti. Kila konrodi na kofia yake ya chini vilitobolewa pamoja vikiwa vimeshafungwa, kwa hiyo lile duara ni la hao wawili tu. Ukichukua kofia ya namba mbili ukaifunga kwenye konrodi ya namba tatu bolti zitaingia, nati zitabana, kwa macho huoni kitu, lakini duara si duara tena na beringi itakufa. Hata kofia ile ile yake ukiigeuza mbele nyuma pia haifai. Ndo maana mie nikifungua kila kitu nakipiga namba kwa patasi, namba zitazamane upande mmoja, halafu nati za kila silinda kwenye kopo lake na kopo lina mfuniko. Wale vijana wananiona nna wasiwasi. Waache.

Halafu bolti, na hapa nataka usome pole pole kwa sababu huko chuoni nyote mmezoea milimita. Mashine za Kiingereza za zamani bolti zake za inchi, Whitworth na ndugu yake BSF ambae uzi wake mwembamba zaidi. Huyu Joseph Whitworth 1841 ndo aliepanga nyuzi za bolti ziwe za aina moja, pembe ya uzi wake digrii 55, wakati za milimita na za Kimarekani ni digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina uzi 12 kwa kila inchi, maana yake kutoka uzi hadi uzi kama milimita 2.12. Bolti ya M12, yaani ya milimita 12, ni 1.75. Sasa mtu anaitia M12 kwenye tundu la nusu inchi, inazunguka raundi mbili vizuri, inakaza, yeye anadhani imefika kumbe imejikwamisha, anaongeza bomba kwenye spana, tundu limekwisha. Na tundu lenyewe liko kwenye bodi ya mashine ambayo huipati dukani.

Lakini hiyo afadhali, kwa sababu inakataa mapema. Hatari ni ile ya tatu kwa nane ya inchi. Whitworth ya tatu kwa nane ina uzi 16, na ya Kimarekani ya tatu kwa nane nayo ina uzi 16. Inaingia mpaka mwisho kwa vidole, laini kabisa, unafurahi. Ila pembe si moja, digrii 55 na 60, kwa hiyo uzi unagusana kidogo tu badala ya ubavu mzima, na mashine ikianza kutikisika masaa sita njiani bolti inaregea au inachuna. Ndo maana nilinunua geji ya uzi, ile ya kupimia nyuzi za bolti, na ndo maana naipima kila bolti hata iliyotoka kwenye mashine yenyewe, kwa sababu hujui fundi gani kabla yetu alitia nini, na wallahi humu ndani tumekuta za kila kabila. Spana pia usishangae, spana ya Whitworth imeandikwa kipimo cha bolti sio cha mdomo, ile ya nusu mdomo wake unakaribia inchi nzima. Mie mwaka wa kwanza wa kazi hii nilikuwa nnaona zimeandikwa uongo.

Zile pete za kopa, washa, za kwenye mabomba ya dizeli hatununui mpya kama za zamani hazijakatika. Unaipasha kwenye moto mpaka iwe nyekundu kisha unaitumbukiza kwenye maji, inatoka laini inakubali kujifinyanga tena. Chuma cha pua ukikifanyia hivo kinakuwa kigumu, kopa ni kinyume chake, muulize mwalimu wenu akupe sababu, sie tunajua inavyofanya kazi tu.

Hedi nazo, ile mifuniko ya juu ya silinda. Hii 4LW haina hedi moja ndefu, ina mbili, kila moja inakalia silinda mbili. Mtu akizifunga moja moja akazikaza kabisa halafu ndo aje na manifoldi, lile bomba la pamoja linalofungwa ubavuni mwa hedi, manifoldi haikai, kwa sababu uso wa hedi moja umetoka mbele kidogo kupita mwenzake, kidogo tu, hata kwa jicho huoni. Unalazimisha na bolti, manifoldi ya chuma cha kusubu inapasuka. Kwa hiyo unazikalisha zote mbili nati zikiwa zimeregea, unaweka rula ya chuma kwenye nyuso zao, unazigonga kwa nyundo ya mbao mpaka rula iguse kote, ndo unaanza kukaza, kutoka katikati kwenda nje, kidogo kidogo, raundi ya kwanza nyepesi, ya pili, ya tatu ndo ya kipimo. Kisha mashine ikishaungua moto na kupoa, unarudia.

Kuna kimoja nataka kukipita haraka, kile kiungo cha shafti ya panka la boti, flanji yake, ile sahani yenye matundu ya bolti, inaingia kwa nguvu. Usikigonge kwa nyundo. Pasha flanji kwenye mafuta ya moto, chuma cha milimita 50 ukikiongezea joto digrii 100 kinatanuka kama milimita 0.06, inatosha, inateleza yenyewe, ikipoa imeshika. Lakini uwe umeshajipanga, ufunguo wake, kile kipande cha chuma cha kuizuia isizunguke peke yake, umeshakaa kwenye shafti, kwa sababu ikikamata nusu njia hapo tena ndo utaitafuta nyundo.

Na kila kinachoingia kiingie na mafuta au grisi. Watu wanaona grisi uchafu. Ile meli ya Liemba ya Kigoma unaijua, Wajerumani waliijenga Papenburg 1913, wakaifungua wakaitia kwenye makasha elfu tano hivi, ikaja Dar, ikapanda treni hadi Kigoma ikafungwa upya pale ufukweni. Vita vilipowaelemea 1916 wakaizamisha wenyewe, lakini kabla hawajaizamisha mainjinia walizipaka mashine grisi nene. Waingereza wakaiinua 1924 na mashine zikakutwa bado zinafaa, 1927 ikarudi kazini, na mashine zile za mvuke zikaendelea mpaka miaka ya 70 walipotia dizeli. Miaka chungu nzima chini ya maji! Maji ya ziwa kweli, si chumvi yetu hii, lakini hata hivo. Sasa mtu mwenye bahari mlangoni ananiletea stadi, bolti isiyo na kichwa, kavu.

Beringi ya kati ya shafti ndo iliotula siku nyingi kupita zote. Ile imemwagiwa madini laini, bati lenye antimoni na kopa kidogo, alieibuni ni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Tumeimwaga upya, lakini ukishamwaga na kukereza bado haikai na shafti yake. Unapaka shafti rangi ya buluu nyembamba sana, wazee walikuwa wanatumia masizi ya kibatari na mafuta, unailaza, unaizungusha kidogo, unaiinua, unatizama wapi pamepata rangi. Palipopata rangi ndo pamenyanyuka, unapakwaruza kwa skrepa. Unarudia. Unarudia tena. Mwanzo inagusa pahala pawili tu, ukiendelea madoa yanazidi kuwa mengi na madogo mpaka yanaenea beringi nzima. Hii kazi haina njia ya mkato na mie ndo ninayoipenda, nakaa na chai yangu ya tangawizi sisemi na mtu. Mama yako anasema beringi imekuwa mke mwenza.

Sasa kilichobaki, na hichi ndo nnakutaka wewe. Kulinganisha mashine na shafti tumeshafanya huku juu nchi kavu, lakini hapo ni kukadiria tu. Boti ya mbao ikiwa juu ya magogo ina umbo jengine, ikiingia majini inakaa vyengine, mbao zinakunywa maji zinavimba, inajinyoosha. Ukiibana mashine moja kwa moja nchi kavu ukaja kuishusha, shafti itakuwa imepinda na mtikisiko utakula beringi ile ile nilioitesekea. Kwa hiyo boti inashuka, inakaa majini siku mbili tatu, ndo unatoa bolti za flanji mbili, ya mashine na ya shafti, unazikaribisha, unaingiza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, juu, chini, kulia, kushoto. Tofauti isizidi sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya upana wa flanji, yetu ni inchi sita, kwa hiyo sehemu sita za elfu, kama milimita 0.15. Ikizidi unatia shimu, vipande vyembamba vya bati, chini ya miguu ya mashine, unapima tena. Chini mle mwembamba, mie tumbo haliniruhusu na macho ya karibu yamechoka, na wale vijana fila geji wanaisukuma kama wanafungua kopo la maziwa. Wewe una mkono mwepesi, tangu mdogo.

Boti inashuka bamvua linalokuja, maji mafu hayafiki pale ilipo. Tizama ratiba yako, kama mitihani haijesha usije, tutangoja bamvua jengine na mwenye boti nitazungumza nae. Kama imekwisha panda boti ya mchana nitakuja kukupokea bandarini Malindi, hapa Unguja.

Na ukipita Gerezani, huko Dar, niulizie tepu ya nusu inchi ya Whitworth, ile ya kukatia uzi tunduni, uzi 12. Chukua na geji yako ukapime mwenyewe pale pale dukani, watakupa ya uzi 13 ya Kimarekani na watakuapia kuwa ni hiyo hiyo. Usinunue. Mama yako nae anataka dera, ananiambia nisisahau kuandika, rangi anasema unaijua.

Wasalaam,
Baba yako