Semina ya hotelini haimlishi mwanangu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu enzi za marehemu mume wangu na sijawahi kukusumbua. Ila ile habari ya semina ya "kuwajengea uwezo wahudumu wa watu wenye ulemavu", yenye picha ya watu waliovaa fulana sare mbele ya hoteli, imenishinda kuimeza.

Niliitazama ile picha nikimtafuta mhudumu. Nikaona maofisa, waratibu, wenyeviti na mgeni rasmi. Anayelisha, anayebadilisha nepi, anayempandisha mtu kwenye kiti mwendo, hayumo. Angetokaje? Akienda semina, nani atawaogesha?

Mwanangu ana miaka 19 na ana mtindio wa ubongo. Kumeza kwake ni kazi: shingo haikai, ulimi unasukuma chakula nje. Kituo anachoshinda (sikitaji, wenyewe wanajijua) kilikuwa na dada mmoja wa darasa la saba. Yeye alimketisha wima, akakaa usawa wa macho yake, akamshusha kidevu kidogo, akatia kijiko nusu, kisha akalitazama koo mpaka lipande na kushuka, ndipo atie kingine. Bakuli moja la uji lilikula karibu saa nzima na hakuwahi kununa. Wakamwondoa, eti hana cheti. Aliyeletwa badala yake anacho, tena kimetundikwa ukutani ndani ya fremu. Siku moja niliwahi kwenda kumchukua, nikakuta mwanangu kalazwa chali mkekani, kichwa kimerudishwa nyuma, anamiminiwa uji kwa kikombe huku binti wa watu simu iko sikioni. Midomo ilishageuka rangi. Nilimlaza ubavu nikampiga mgongoni mpaka uji ukamtokea puani, na binti analia pembeni: "Mama nisamehe, hivi hatukufundishwa, sisi tulifundishwa haki zao." Na namwamini kabisa! Mhariri, haki ya kwanza ya mwanangu ni uji uende tumboni, usiende mapafuni. Siku chache baadaye tulilazwa, nimonia. Dawa nilinunua mimi, sindano nilinunua mimi, na fremu bado iko ukutani.

Hizo haki hata mimi nazijua. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 26 ya Mkataba huo inataka wanaotoa huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mwenye ulemavu amudu maisha yake, wapewe mafunzo ya mwanzo na ya kuendelea, yaani hayaishi siku ya kugawa bahasha. Mwalimu wa elimu maalumu anaandaliwa chuoni Patandi, Arusha, na hakuna anayeshangaa. Mlishaji yeye anaambiwa ajifunzie kwenye koo la mwanangu.

Na kwa kuwa kalamu nimeshaishika, kuna makonda. Konda wa daladala akiona kiti mwendo, ghafla gari limejaa. Akikubali, anadai nauli ya kiti. Tukiamua kukodi bajaji tukafika ofisi za umma, ile njia ya mteremko iliyojengwa kwa ajili yetu imepakiwa bodaboda, na mlinzi kakaa hapo hapo anapiga soga na wenye bodaboda. Huyo naye lini semina yake?

Dawa ninayo. Semina ijayo chai isigawiwe kwanza. Kila mshiriki alazwe chali sakafuni, alishwe uji na mwenzake anayeongea na simu. Asiyepaliwa apewe cheti. Mchana wabebane ngazi za hoteli kutoka chini mpaka juu, na atakayemvuta mwenzake kwa mikono posho yake ikatwe. Mgeni rasmi aanze, wengine wafuate.

Au, kama hilo gumu, huyo mwezeshaji aje kituoni saa ya uji, avae aproni, awaelekeze mabinti wakiwa na kijiko mkononi. Akikosekana, yule dada wa darasa la saba yupo, anakaanga mihogo Tandika. Nitawaelekeza kwake, ila wasiende asubuhi. Asubuhi huwa yuko kwangu, anamlisha mwanangu, na namlipa mwenyewe.

Mama mzazi,
Temeke, Dar es Salaam